Mzee Kiprugut, Afisa Wetu wa Faraja

Jumatano tarehe 31 Desemba 2008, Mzee Kiprugut arap Kosgei atafunga dirisha la mapokezi ya kliniki yetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwazuia watu wa Nakuru wasimtoroke daktari wa meno. Katika barua za ajira kazi yake imebadilishwa jina mara nyingi, lakini kwa kweli ilikuwa hiyo moja tu.

Mimi ninayeandika ni Kahiga, fundi wa meno ya bandia, yule wa chumba cha nyuma mwenye aproni iliyojaa plasta. Daktari Sandeep ameniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya sherehe ya kumuaga, itakayofanywa siku chache kabla ya hapo. Amesema niwe mchangamfu, nitaje vifaa vyetu vya kisasa, na nisizidishe kurasa mbili. Hilo la kwanza nitajitahidi, la pili halikwepeki, na la tatu tutaona.

Mzee aliajiriwa mwaka wa 1977 na marehemu Daktari Amarjit, baba yake Daktari Sandeep. Wakati huo kliniki ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na drili ya daktari ilinguruma hadi wateja wa chini wakaacha kupimiwa kitambaa na kutazama dari. Wagonjwa walipanda ngazi, wakasikia ile drili, wakashuka. Daktari Amarjit alikuwa mtu mpole na mwenye mikono myepesi, lakini hangeweza kukimbizana na watu barabarani akiwa ameshika koleo. Akatafuta mtu wa kuketi pale ngazi inapoishia, mwenye mabega mapana na maneno mazuri.

Mabega watu waliyaona mara moja. Maneno yalihitaji ushahidi, na ushahidi wa Mzee ulikuwa mdomoni mwake. Hana meno mawili ya mbele, yale ya chini. Waliozaliwa zamani kule milimani upande wa Eldama Ravine wanajua sababu: watoto wa siku zile waling'olewa hayo mawili kwa chuma, wakubwa wakitazama, na mtoto alitakiwa atulie kabisa. Mzee alilifanya pengo lile kuwa cheti chake cha kazi. Alikuwa akishusha mdomo kwa kidole, anamwonyesha mgonjwa, kisha anamweleza kwamba haya yalitoka bila sindano, bila ganzi, na yeye hakupepesa hata jicho. Sasa wewe una sindano, una ganzi, una daktari aliyesomea ng'ambo, unalia nini? Halafu anamalizia kwa neno lake maarufu: haiumi.

Neno hilo lilifanya kazi kubwa. Mwanajeshi mmoja kutoka Gilgil, mtu wa misuli na nishani, aliwahi kupatikana mguu mmoja ukiwa tayari nje ya dirisha la choo. Mzee alimshika mshipi, akamwonyesha pengo, akamrudisha kitini akiwa amepiga saluti. Bi Darshana wa duka la sufuria hakukubali kupanda ngazi mpaka athibitishe kwamba Mzee yuko kazini siku hiyo. Wanawake na watoto aliwabembeleza. Wanaume, hasa wa kwao, aliwaaibisha. Kipkemei, mkulima wa viazi kutoka Kuresoi na mtu wa kimo cha mlango, aliguna kidogo tu alipochomwa sindano, na alipotoka Mzee akamwuliza mbele ya benchi zima kama aliyeingia mle ndani alikuwa Kipkemei au mkewe. Tulicheka sana. Kipkemei hakurudi tena, na kwa miaka kadhaa tulikuwa tukimwona sokoni akitafunia upande mmoja.

Mwaka wa 2007 faraja ya kisasa ilitufikia kwa lori. Daktari Sandeep alikuwa amerudi kutoka masomoni na shahada, masanduku, na vijitabu vyenye picha za wazungu wanaotabasamu huku wakichimbwa meno. Alitukusanya akatueleza kwamba mgonjwa wa siku hizi si wa kushikwa mshipi. Mgonjwa wa siku hizi anataka kutulizwa na mashine.

Tulianza na kiti. Kina mota ya kusugua mgongo, nacho kinasugua kweli, ila mgongo ukisuguliwa kichwa nacho kinatikisika, na Daktari inambidi afuate kinywa cha mgonjwa huku na huku kama anayefukuza kuku. Zikaja miwani zinazoonyesha filamu ya maporomoko ya maji. Kila aliyezivaa alitulia kwa muda, kisha akaomba aonyeshwe choo. Ikaja mashine ya kupuliza harufu ya maua fulani ya Ulaya, na akina mama kadhaa wakauliza ni nani amemwaga sabuni ya kufulia. Kuhusu stima hakuna kijitabu kilichotaja lolote. Mchimbaji mmoja wa Kariandusi alikuwa amelazwa miguu juu, kichwa chini, stima ilipopotea. Rimoti ikafa na kiti kikagoma. Akabaki vile vile, vumbi jeupe la machimboni likimtoka kwenye suruali na kumwingia puani, mpaka stima ilipoamua kurudi. Daktari alipomwuliza anakionaje kiti chetu, alijibu kwamba kule kwao mtu akikwama chini kuna utaratibu wa kumwokoa, akataka kujua wetu ni upi.

Lakini fahari ya Daktari ilikuwa kamera. Imefungwa kwenye taa juu ya kiti, ina kipaza sauti chake, na picha na sauti vinakwenda moja kwa moja kwenye runinga kubwa ya chumba cha kungojea, ili jamaa za mgonjwa waone na wasikie daktari akieleza. Daktari aliita jambo hili uwazi. Watu wa benchi waliliita sinema. Walianza kuja hata wasioumwa, na mwuza njugu akahamia mlangoni petu. Mama mmoja aliyaona magego ya mkwewe mtarajiwa yakiwa na ukubwa wa magunia, na mazungumzo ya posa yakaanza upya.

Mzee naye akapewa beji mpya, Afisa wa Faraja ya Wagonjwa, na akapelekwa semina ya siku mbili Naivasha, akarudi na mkoba na kofia. Tulidhani angezichukia mashine. Kumbe alizipenda kuliko mwenyewe aliyezileta. Alizisifu kwa kila anayepanda ngazi, akasema kwenye kiti kile hata yeye angelala. Ajabu ni kwamba siku kilipotolewa kwenye sanduku sote tulikijaribu. Mimi nilisinzia. Mwenye nyumba alipanda na viatu vyake. Mzee peke yake alisema ana maji ya kunywa ya kupanga, na hatukulitilia maanani.

Kisha ikaja Januari ya mwaka huu, na ghasia za baada ya uchaguzi. Sitaandika mengi juu yake katika ratiba ya sherehe, na hakuna atakayesoma hapa asiyejua kwa nini tulifunga. Nitasema tu kwamba tulipofungua tena, benchi la kungojea lilikuwa limepata pande mbili, watu wa kabila la Mzee ukutani na wa kabila langu dirishani. Watu walisikiliza majina yakiitwa, wakajua wasogee wapi, na katikati palibaki nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikalia. Baadhi yao walikuwa wakilala kwenye mahema. Mimi na Mzee tulisalimiana kwa adabu nyingi kuliko kawaida yetu ya utani, na adabu hiyo iliniuma.

Wakati huohuo gego la Mzee likaanza. Kwanza alisema ni baridi, akajifunga skafu. Shavu lilipovimba kupita skafu, aliwaambia wagonjwa ni matubwitubwi, ugonjwa ambao wengi wetu tunaumaliza tukiwa shule ya msingi. Alitafuna karafuu hadi mapokezi yakanukia pilau. Daktari Sandeep alipombana, Mzee alisema angojee hali ya nchi itulie, na ilipotulia akasema angojee Pasaka ipite. Daktari alimweleza waziwazi kwamba lile ni jipu, na usaha ukiingia kwenye damu hakuna mashine ya kumrudisha. Mzee aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akaenda kumwambia mgonjwa aliyefuata kwamba haiumi.

Sasa naelewa alichokuwa akikilinda. Kliniki nzima ilikuwa imejengwa juu ya lile pengo lake. Akipanda kiti na kuguna, angekuwa amewadanganya watu wa mji mzima, na kwa wanaume wa kwao, anayeguna mbele ya chuma hasahauliwi. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu na jina safi. Nadhani alikuwa amekata shauri kwamba afadhali jipu limuue kuliko lile jina limponyoke.

Aliyemwokoa ni mkewe, Mama Chepchirchir. Jumatatu moja ya Machi, chumba cha kungojea kikiwa kimejaa, alipanda ngazi akiwa amemshika mumewe mkono wa koti, akapita naye mbele ya watu wote hadi mlangoni kwa Daktari.

"Daktari, huyu mtu hali, halali. Mimi nimechoka kupika uji. Mtoeni hiyo kitu leo."

Kwenye benchi, upande wa ukutani, alikuwa ameketi Kipkemei wa Kuresoi, shavu likiwa limefura. Maumivu yalikuwa yameishinda aibu ya miaka yote ile, naye ndiye aliyekuwa anafuata.

Mzee akapanda kiti. Daktari Sandeep, ambaye anampenda Mzee kama baba, alimwashia kila kitu. Mota ikaanza kusugua, maporomoko yakaanguka, harufu ikapulizwa, na ndege wa Ulaya wakaimba kwenye kaseti. Mzee aliomba kiti kizimwe. Kisha akaomba miwani ziondolewe, kwa kuwa hataki kutoona kinachokuja. Kisha ile harufu, halafu wale ndege. Vyote vilipozimwa, ilibaki sauti ya beji yake ikigongagonga kifungo cha shati, kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka. Daktari aligeuka kuangalia mlangoni, kama anavyofanya kila mgonjwa anapotetemeka, kumtafuta mtu wa kumtuliza. Mtu huyo ndiye aliyekuwa kitini. Ndipo nikaitwa mimi.

Nilifika na plasta mikononi. Nikasema lile nililokuwa nimelisikia kupitia ukutani tangu niajiriwe.

"Haiumi, Mzee."

Akanitazama. "Kahiga, usinidanganye na uongo wangu mwenyewe."

Halafu akazungumza kwa sauti ya chini, akiangalia taa, hanitazami tena. "Hata yale mawili niliyalilia. Nilitoroka mpaka mtoni. Walinirudisha, wakanishikilia chini watu wazima, nikalia mpaka nikaishiwa na sauti. Tangu siku hiyo naogopa. Kila siku nakaa pale nje naogopa." Akatoa mkono wake kwenye kiti. "Nishike. Usiniachilie."

Nilimshika. Ni mkono mkubwa kuliko wangu, na ulikuwa baridi. Daktari akachoma ganzi, tukangojea, akashika koleo. Jipu likiwa bichi ganzi haifiki kote, kila daktari wa meno anajua hivyo, na Mzee aliguna, tena si kidogo. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni. Niliendelea kushika, na sijui ni lini nilianza kulia na mimi, kwa sababu tangu Januari sikuwa nimemgusa mtu wa kwao yeyote wala wao hawakuwa wamenigusa mimi. Gego likatoka. Nikainua uso nimshukuru Mungu, nikaona ile taa ndogo nyekundu ya kamera.

Tulikuwa tumezima faraja yote, lakini uwazi hatukuuzima. Picha na sauti vilikuwa vimekwenda kule nje tangu mwanzo: mtoni, watu wazima, kulia, yote. Daktari Sandeep aliona nilichokiona, akabaki ameshika gego hewani. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia Mzee.

Hakuhitaji kuambiwa. Alifungua mlango, pamba ikiwa mdomoni, akakuta benchi zima linamtazama, na juu ya vichwa vyao runinga bado inaonyesha kiti alichotoka. Alisimama pale. Hakuna aliyecheka. Mwuza njugu alivua kofia, sijui kwa nini. Nilikuwa na hakika Mzee angeshuka zile ngazi na tusimwone tena, na niliogopa hilo kuliko nilivyowahi kuogopa jambo lolote kazini.

Kipkemei akasimama, mrefu vile alivyo, wakawa uso kwa uso.

"Mzee," akasema. "Inauma?"

Mzee alitoa pamba mdomoni, akaishika kiganjani.

"Inauma. Halafu inaisha. Twende, nitakushika mimi."

Kipkemei akamtangulia kuingia. Mama Chepchirchir alitafuta mahali pa kukaa na hakuona ila ile nafasi ya katikati. Akaikalia. Mama mmoja wa upande wa dirishani alisogea karibu yake, akamwambia uji wa leo aupoze kwanza, na mchana ule wakaongea habari za uji mpaka zikaisha.

Tangu siku hiyo Mzee hajasema tena kwamba haiumi. Anasema itauma kiasi gani na kwa muda gani, na mara nyingi hakosei. Anaingia na kila anayemhitaji. Anavuta kile kigoda kidogo, anashika mkono, ananyamaza. Wanaume waliokuwa wakipita na mashavu yao kwenda kununua vidonge wameanza kupanda ngazi. Kipkemei alituletea gunia la viazi, akalibeba mwenyewe hadi juu. Daktari naye, kwa heshima anayostahili, alikubali mota ya kiti ifunguliwe waya. Miwani zilikwenda nyumbani kwa watoto wake, mashine ya harufu iko chooni inakofaa zaidi, na waya wa kamera Mzee aliung'oa mwenyewe bila ganzi. Katika mkutano wa Septemba Daktari alitutangazia kwamba wagonjwa wameongezeka sana, akayaita hayo matunda ya teknolojia ya kisasa. Mzee alipiga makofi kuliko sote.

Tunamshukuru Mama Chepchirchir kwa kutuazima mumewe muda wote huu, na kwa kumleta Jumatatu ile. Tunamshukuru Mzee kwa wote aliowazuia kwenye ngazi, na zaidi kwa hawa wa mwaka huu, ambao hakuwazuia na wakapanda. Daktari amenieleza kwa furaha kwamba amepata kwenye katalogi mkono wa mpira unaopashwa moto kwa stima, ambao mgonjwa ataushika kuanzia Januari. Nimemwuliza stima ikipotea itakuwaje. Amesema atawaandikia wenye kampuni.

Basi, Mzee, nenda Ravine ukapumzike. Ng'ombe wako wakupe maziwa ya kutosha, mahindi yapate bei, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na hayo meno uliyobakiza yasikuletee taabu yoyote.

Nimebakiza ombi moja, na nimeona ni rahisi kuliandika kuliko kulisema. Mimi, fundi wa meno, nina gego la juu ambalo nimelificha tangu mwaka jana. Daktari ataling'oa Jumanne tarehe 30, asubuhi, kabla hujaondoka. Najua itauma. Usichelewe kuja.